Nilicheka kwenye msiba

Nimepotea kidogo, si unajua tena, testi zilinikaba. Leo naomba niseme kitu kinachonikereketa tangu Jumapili.

Nilikuwa maktaba natafuta mada ya insha ya isimu, nikakutana na Kijedek. Usishangae, hata mimi nilikuwa sijawahi kukisikia. Kinazungumzwa huko Malaysia, kaskazini mwa rasi, na watu kama 280 tu. Jamani, lekcha moja ya mwaka wa kwanza hapa inajaza watu zaidi ya hao! Kimo kwenye kundi la lugha za Kiaslia, ndugu wa mbali wa Kivietinamu, wala si Kimalei. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walienda kijijini kusoma Kijahai, wakagundua baadhi ya wakazi wanaongea kitu tofauti. Wakaandika habari zake mwaka 2017. Wenyewe bila shaka walikuwa wanapiga soga zao siku zote, hawakusubiri kugunduliwa!

Kilichonigusa ni maneno yao. Hawana kitenzi chao cha kuiba, kununua wala kuuza, ila ya kupeana na kugawana wanayo tele. Majirani zao Wajahai nao wana neno la harufu ya damu, ile inayomvuta chui milia. Ukiishi msituni, neno kama hilo ni la kila siku, linaokoa mtoto. Kisemai, ndugu yao mkubwa, kina makumi ya maelfu ya wasemaji, kinasikika redioni na kimefundishwa kwenye baadhi ya shule za msingi.

Sasa mimi. Kipare kina watu wengi kuliko hizo zote, lakini kwangu kimefia mdomoni. Jumapili nilimpigia bibi, akaniambia jambo kwa Kipare, nikacheka nikidhani ni utani wake. Kimya. Shangazi akachukua simu: "Mwanangu, bibi anakwambia shoga yake kafariki."

Wadau, nilitamani ardhi ipasuke.

Kumbe wingi wa watu si hoja. Lugha inaishi pale bibi anapoongea na mjukuu anaelewa. Leo nimempigia tena, nikamwomba anifundishe namna ya kutoa pole. Nimeikosea mara tatu, ya nne akacheka yeye.

Haya, naenda kupanga foleni ya chakula. Na wewe je, bibi yako akikupigia unamwelewa? Tujuzane hapo chini.