Panya Aliye Katika Mkono

Sisi waalimu wa Mngeta tufundishapo watoto habari za mwili, neno moja hututaabisha kila mwaka: misuli. Watoto hulikariri, lakini halina sura machoni pao. Basi twaona yafaa kueleza asili yake.

Misuli ni neno la Kiingereza lililovikwa nguo ya Kiswahili. Waingereza walilipokea kwa Wafaransa, na hao kwa Warumi, waliosema musculus, maana yake panya mdogo. Kunja mkono wako, msomaji, kaza ngumi, kisha unyoshe na kuukunja tena. Utaona kitu chakimbia chini ya ngozi kama panya apitaye chini ya jamvi. Wayunani nao waliita panya na nyama hiyo kwa neno moja. Hata Waingereza wa kale, kabla ya kupokea neno la kigeni, walisema mus, yaani panya, nalo lilikuwa pia jina la nyama ya mkono. Mshairi wao Chaucer, aliyekufa mwaka 1400, alitumia jingine, lacerte, ambalo asili yake katika Kilatini ni mkono wa juu, na pia mjusi! Panya twamkubali, mjusi na abaki ukutani.

Wazee wetu pia walikuwa na macho. Walisema shavu la mkono na shavu la mguu, kwa kuwa nyama hiyo imejaa kama shavu la mtoto aliyeshiba. Liko na neno tafu, zuri sana, nalo lasahauliwa.

Lakini wengi husema mshipa tu, na hapo pana hatari. Mshipa ni njia ya damu, ni kano ifungayo nyama na mfupa, ni tafu, hata ngiri na busha huitwa mshipa. Mtu aliyeinama kutwa katika shamba la mpunga aenda zahanati, asema, "Mshipa waniuma." Aulizwapo ni upi, ajibu, "Huu wa huku chini," akiona haya kuonyesha. Mwenye tafu lililochoka atapona kwa kupumzika; mwenye ngiri iliyobanwa aweza kufa asipopasuliwa upesi. Nao wote wawili wametamka neno lilelile.

Kwa hiyo darasani twasema tafu au misuli kwa nyama ivutayo mfupa, kano kwa kamba yake, mshipa kwa njia ya damu, na ngiri kwa jina lake bila haya. Watoto wamempenda panya kuliko yote. Jioni, watwangapo mpunga, husikika wakiambiana kwamba panya amechoka, mwingine ashike mchi.