Betri ya Mama

Mikumi, 3 Machi 2025
Mapigo 34 kwa dakika. Nesi alihesabu mara mbili, kisha akamwita daktari. Tangu Januari Mama ameanguka mara tatu, mara ya mwisho bombani, ndoo ikammwagikia. Umeme wa moyo umekatika njiani, wanasema: vyumba vya juu vinaagiza, vya chini havisikii. Awekewe betri, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Rufaa hii hapa. Basi, tukatoka.

5 Machi
Mama hataki. Leo jioni, akichambua mchicha, ndipo aliposema: "Betri ya sola pale juu ilikufa mwaka wa pili. Hii yangu ikifa usiku, nani atanifungua kifua?" Nikakosa la kumjibu. Akaongeza kwa sauti ya chini: "Na siku yangu ikifika, mwanangu, itaniacha nife?"

Kumbe siku zote hizi si kisu anachokiogopa. Nimeyaandika maswali yake kama alivyoyatamka. Yamefika tisa. La kupalilia limo, la simu limo.

Dar es Salaam, 12 Machi
Basi hadi Morogoro, kisha treni ya SGR. Stesheni, mbele ya lango la ukaguzi, Mama akauliza kama wakati wa kurudi ataruhusiwa kupita hapo. La kumi.

Daktari wa Taasisi alilisoma daftari lote la maswali, akavuta kiti. Akamwekea Mama kiganjani kifaa cha mfano, chembamba, chepesi. Mama akakigeuzageuza, akakipeleka sikioni. Hakilii.

Kinakaa chini ya ngozi, karibu na mtulinga. Waya zinapita mshipani hadi moyoni. Kifua hakipasuliwi, panatiwa ganzi hapo tu. Betri yake haizimiki ghafla kama ile ya sola: kila kliniki wanapima chaji iliyobaki, na baada ya miaka kama 8 hadi 12 wanabadilisha kifaa, waya mara nyingi zinaachwa. Jembe lisubiri wiki kama sita. Simu isikae mfuko wa kifuani. Langoni apite bila kusimama, kadi ya kifaa mkononi.

Swali la kifo hakulikwepa. "Mama, hiki kinaukumbusha moyo kupiga. Siku moyo wenyewe ukichoka kabisa, hauitikii tena." Akamsimulia Arne Larsson wa Sweden, mtu wa kwanza kuwekewa kifaa cha aina hii ndani ya mwili, 1958. Alibadilishiwa vifaa zaidi ya 20, akafariki 2001 akiwa na miaka 86. Kwa saratani.

Mama alikaa kimya kitambo. "Kwa hiyo hakikumfunga."

13 Machi
Gharama: bima ya kaka inamhusu Mama, dirishani wamethibitisha. Amesaini mwenyewe, taratibu, herufi moja moja. Angeambiwa haya Mikumi, tusingepoteza siku tisa moyo ukipiga mara 34. Zamu yake ni kesho asubuhi.