Barua kwa Mpwa Wangu wa Bariadi Juu ya Karatasi ya Maabara

Pangani

Mpwa wangu mpenzi,

Picha ya karatasi ya maabara uliyompelekea binamu yako kwa simu imenifikia, nami niliikuza hata macho yangu ya uzeeni yakazitambua tarakimu zake: virusi vya homa ya ini C vimeonekana, 2,140,000 IU/mL, log 6.33. Waniuliza kama mtu mwenye virusi milioni mbili katika kila tone la damu ana umri wa kuona misimu mingapi ya pamba. Swali hilo karatasi ile hailijibu, wala haikuandikwa ipate kulijibu. Na kwa kuwa aliyekukabidhi hakuwa na wasaa wa kukufasiria, nami nimekula mkate wa maabara za serikali tangu ujana hata nikastaafu, kazi hiyo nimeichukua mimi.

Nianze na kipimo cha kwanza, kile cha siku uliyojitolea damu. Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupima kila chupa inayotolewa kwa ajili ya UKIMWI, kaswende na homa za ini B na C, na kwa C hutazamwa kingamwili, yaani kile ambacho mwili huunda unapokutana na kirusi hicho. Kingamwili hubakia katika damu hata baada ya kirusi kuondoka. Na katika kila watu 100 walioambukizwa, baina ya 15 na 45 hupona wenyewe katika miezi sita ya mwanzo bila ya dawa yoyote, aghalabu bila hata kujua kwamba waliugua. Mtu wa namna hiyo kipimo cha kwanza kitamtaja mpaka kufa kwake, ilhali hana ugonjwa. Ndiyo maana damu yako ikapelekwa kupimwa mara ya pili kwa mashine itafutayo RNA, chembe ya urithi ya kirusi chenyewe, nayo ikaonekana. Kwa hiyo neno lenye uzito katika karatasi yako si ile milioni mbili, ni lile neno dogo la kwanza ulilolipita mbio, kwamba virusi “vimeonekana.” Wewe si miongoni mwa wale waliopona wenyewe, na sharti utibiwe. Ingalikuwa milioni nane au elfu arobaini, ningalikuandikia maneno haya haya.

Sasa nikutoe hofu ya tarakimu. Kwanza si tone, ni mililita, nayo ni kama matone 20. Wala ile IU si kirusi kimoja kimoja kilichohesabiwa kwa kidole, bali ni kipimo cha kimataifa kilichowekwa ili maabara ya Mwanza na ya London ziseme lugha moja. Na ile 6.33 si ugonjwa wa pili kama ulivyodhani. Ni hesabu ile ile iliyofupishwa. Kila log moja inapopanda, idadi huzidi mara kumi, basi log 5 ni laki moja, log 6 ni milioni moja, nayo 6.33 ni milioni mbili na ushei. Wenye maabara hupendelea kuandika hivi kwa sababu virusi hupanda na kushuka katika damu ya mtu yule yule pasipo sababu iliyo dhahiri, na mashine nayo ina kukosea kwake kudogo, hata badiliko lisilotimiza nusu log, yaani kama mara tatu, haliitwi badiliko. Yule mwenzako wa Maswa mwenye 700,000, unayemhusudu kana kwamba yu karibu na kupona, log yake ni 5.85, tofauti yenu haifiki hata hiyo nusu, na mwezi ujao huenda mkabadilishana nafasi, yeye akaja kukuhusudu wewe.

Fauka ya hayo, wingi wa virusi haulingani na madhara yaliyolipata ini. Wewe umekulia kando ya mashamba ya mtama, nawe wawajua kweleakwelea: mtu asimamaye ukingoni akawahesabu ndege waliomo angani, ajapopata hesabu ya kweli, hajajua masuke mangapi yamekwisha kuliwa, na apendaye kujua hilo huingia shambani akayashika masuke kwa mkono wake. Yuko mtu mwenye milioni tano na ini lake zima, na yuko mwenye elfu ishirini ambaye ini limekwisha kukakamaa kwa makovu. Zamani, tulipokuwa hatuna dawa ila sindano za interferoni, ambazo wengine walichomwa kwa wiki 48 wakidhoofika na kupatwa na huzuni, waganga waliutazama sana mpaka wa 800,000, kwa kuwa aliyekuwa chini yake alikuwa na tamaa kubwa zaidi ya kupona. Vidonge vya leo havina ubaguzi mkubwa wa namna hiyo.

Kwa hiyo nguvu zako na nauli yako usizitumie kuirudia hesabu hiyo kila mwezi. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, uombe kupimwa kimeng'enya cha ini kiitwacho AST na idadi ya chembe sahani za damu, vipimo vya kawaida kabisa. Kisha chukua kalamu, ewe karani wa pamba usiyeshindwa na mizani: gawanya AST yako kwa kikomo cha juu cha maabara hiyo, zidisha kwa 100, halafu gawanya kwa maelfu ya chembe sahani. Tuseme AST ni 48, kikomo ni 40, na chembe sahani ni 210. 48 kwa 40 ni 1.2, mara 100 ni 120, ukigawa kwa 210 wapata 0.57. Jawabu likiwa chini ya 1, ni dalili njema kwamba ini halijakakamaa. Likizidi 2, usingoje. Katika kila watu 100 wanaoishi na kirusi hiki bila tiba, baina ya 15 na 30 ndio wanaofikwa na kukakamaa kwa ini katika muda wa miaka 20. Wasaa unao, walakini si wasaa wa kulala.

Najua pia kinachokutia tashwishi, kwamba mitaani mtu akisikia “wingi wa virusi” hudhani ni UKIMWI. Hicho ni kirusi kingine. Mwenye VVU hunywa dawa maisha yake yote ili virusi vifubae. Wewe utakunywa vidonge, aghalabu sofosbuvir pamoja na daclatasvir, kwa wiki 12, kisha uache, na katika kila 100 wanaotibiwa hivyo zaidi ya 95 hupona kabisa. Hapo ndipo kipimo chako kitapata kazi yake ya pili na ya mwisho: wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho, damu itazamwe tena. Ikiandikwa kwamba virusi havikuonekana, umepona. Ikiandikwa kwamba vimeonekana lakini ni pungufu ya kiwango ambacho mashine yaweza kuhesabu, kwa mfano chini ya 15, hayo si maneno mamoja na yale ya kwanza, na sharti kipimo kirudiwe. Kile cha kingamwili usikiguse tena; kitakutaja daima na kukutia kiwewe bure.

Juu ya nani kakuambukiza, nakusihi usimfungulie mtu mashitaka moyoni, mkeo hasa. Kirusi hiki hupita kwa damu: sindano iliyorudiwa, wembe wa kinyozi, chale zilizochanjwa kwa wembe mmoja ukoo mzima, kwa ndoa hupita kwa nadra, na kwa sahani, kikombe au kumpakata mtoto hakipiti kamwe. Huko Misri serikali yenyewe, kwa nia njema kabisa ya kuwatibu watu kichocho, maradhi yale yale yanayowasumbua jirani zenu wa Busega kando ya ziwa, iliwachoma raia sindano tangu miaka ya 1950 hata ya 1980, na kwa kuwa sindano hazikutakaswa ipasavyo, taifa zima likapandwa homa ya ini C. Wakati huo kirusi hakikuwa na jina. Sisi tuliandika “si A wala B” tukapita, mpaka kilipogunduliwa mwaka 1989, na wagunduzi wake, Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice, wakatunukiwa Nobel mwaka 2020. Misri hiyo hiyo ilianza mwaka 2018 kupima mamilioni ya watu wake na kuwatibu, hata Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani likaitambua kuwa imo njiani kuutokomeza ugonjwa huo. Rwanda nayo, iliyo karibu nanyi kuliko sisi wa pwani, ilitangaza mpango wa namna hiyo Desemba 2018.

Kabla ya kidonge cha kwanza, hakikisha umepimwa homa ya ini B, kwa maana tiba ya C yaweza kumwamsha B aliyelala. Ukionekana huna, omba chanjo yake, kwani ya C haijapatikana. Kama unatumia dawa za kifua kikuu, sema, maana rifampisini huidhoofisha sofosbuvir. Gongo iache, na mizizi ya kusafisha ini uliyoletewa na shangazi yako ipokee kwa adabu, usiinywe.

Ukiambiwa Bariadi kwamba dawa hazipo, omba barua ya rufaa uende Hospitali ya Bugando, Mwanza. Nauli ya kupitia Lamadi nitaituma mimi. Mkeo naye apimwe kingamwili. AST, kikomo chake na chembe sahani niandikie katika simu ya binamu yako, na picha iwe ya karatasi nzima, maana safari hii uliikata tarehe.

Mjomba wako