Wanaanza Wakiwa na Miaka 20

Ninaishi Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, na kazi yangu ni kufundisha mpira wa kikapu chuoni. Baadhi ya wachezaji wangu wanakijua kijiji changu kabla hawajanijua mimi, kwa kuwa walipomaliza kidato cha sita walipangiwa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) Makutupora. Hao wanakuja na pumzi na nidhamu. Lakini wengi wa vijana wangu hawajawahi kudunda mpira wa kikapu. Wanaanza wakiwa na miaka 20, na muda wa kukaa nao ni miaka mitatu tu.

Hata hivyo, hawaji mikono mitupu. Wasichana huja na netiboli waliyocheza tangu shule ya msingi. Netiboli hairuhusu kukimbia na mpira, kwa hiyo binti anayetoka huko tayari anajua kudaka akiwa hewani, kutua bila kuyumba na kutoa pasi ndani ya sekunde 3. Akitua, anabaki ametulia akimtafuta mwenzake, na hapo ndipo ninapoanza kumfundisha kudunda na kuondoka. Pete ya netiboli iko mita 3.05 kutoka chini, sawa na ya kwetu, ila haina ubao nyuma yake. Kwa hiyo anarusha juu sana, na ubao hauoni. Namsimamisha pembeni mwa kikapu na kumwambia asahau pete, alenge kona ya juu ya ule mraba uliochorwa ubaoni. Siku chache tu, na mpira unaanza kuingia.

Kazi ngumu zaidi ni kwa aliyekuwa GD, yaani mlinzi wa goli, kwenye netiboli. Huyo alicheza miaka yote ya shule bila kuruhusiwa kufunga, na alipokuwa akizuia alitakiwa kukaa angalau sentimita 90 kutoka kwa mwenye mpira. Kwenye kikapu anapewa nafasi ya wazi, naye anageuka kumtafuta wa kumpa. Kumwaminisha kwamba na yeye ni mfungaji ni kazi ya moyo kuliko ya mikono, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Wavulana wanatoka kwenye soka. Mikono yao ni mizito, lakini wanajua kutoa pasi na kukimbilia nafasi, jambo ambalo mchezaji aliyezoea kudunda peke yake huchelewa kulielewa. Mfumo wangu wa kushambulia nimeujenga juu ya hilo: toa, kata, pokea.

Tunaanza saa kumi jioni, jua likishapunguza ukali, na tunamaliza giza likiingia, maana uwanja hauna taa. Kiangazi upepo wa Dodoma hupuliza vumbi juu ya sakafu ya saruji, na vumbi hilo huteleza kama mchele uliomwagika. Tunafagia kwanza, kocha na wachezaji. Boom, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, likichelewa, napunguza mazoezi ya kukimbia na kuongeza ya kulenga, kwa sababu kijana aliyeshinda na chai hapaswi kukimbizwa. Ukifika wakati wa mafunzo kwa vitendo, timu nzima inatawanyika mikoani.

Watu huniuliza ni lini nitamtoa Hasheem Thabeet mwingine. Ninamheshimu sana Thabeet. Aliupata mchezo huu Dar es Salaam akiwa na miaka kama 15, akaenda Marekani, akacheza misimu mitatu Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika wachezaji wote wapya, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Calhoun alimpokea akiwa ameshaanza safari. Kwetu, miaka 15 ni kidato cha pili, na huko mimi sifiki.

Wanaofika ni wachezaji wangu. Wengi wanasomea ualimu, na wakishaajiriwa watapelekwa shule ambazo hazina hata pete moja. Kwa hiyo katika mwaka wao wa mwisho ninawakabidhi filimbi. Wanachezesha mechi za mwaka wa kwanza, wanaandaa mazoezi na kuyasimamia, wanajifunza kupima uwanja wa mita 28 kwa 15 na kuuchora kwa chokaa. Ninawaonyesha jinsi ya kufundisha kutua, kuzunguka, pasi na kudunda pale ambapo hakuna kikapu, kwa mpira wowote unaoruka.

Vikombe ninavitaka, na kila mashindano ya vyuo tunakwenda kushinda. Lakini chuo kinachotaka kumpima kocha wake kwa haki kihesabu pia shule ambazo wahitimu wake wameanzisha timu. Na kama nchi inataka vijana wanaoanza wakiwa na miaka 12, basi kila mwalimu wa michezo atoke chuoni akiwa amejifunza kuendesha mazoezi ya kikapu na kuchezesha mechi. Hilo halihitaji ukumbi wa mabilioni. Linahitaji filimbi, chokaa, na nafasi kwenye ratiba ya mwaka wa mwisho.