Mashine Haijafa, Diski Ndiyo Imechoka

Chumba chetu cha hosteli kina deka mbili, wakazi wanne wanaotambulika kwa uongozi (wa tano simtaji) na kompyuta moja ya mezani. Mwenye laptop yake hataelewa haraka uzito wa sentensi hiyo. Kwetu sisi, ile Dell OptiPlex 7010 ndiyo stashenari, ndiyo maktaba ya usiku, ndiyo ukumbi wa sinema Jumamosi. Ni toleo la mwaka 2012. Kaka wa mwenzetu aliinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika, akaimaliza hamu, kisha ikapanda daladala mpaka chuoni.

Muhula wa pili ikaanza visa. Unaiwasha, unaenda kuoga, unarudi, bado inazunguka tu. Ukifungua ripoti ya kurasa arobaini, kila kitu kinaganda hadi kipanya. Baadaye ikaongeza na mlio: tik, tik, tik, kama saa ya ukutani. Tukaibeba kwa fundi mmoja nje ya geti. Hakuifungua hata kava. Akasema, "Wadogo zangu, hii mashine imekwisha. Ongezeni laki tatu niwape nyingine." Laki tatu, na boom lenyewe halijatoka!

Lakini pesa haikuwa shida kubwa kuliko zote. Mwenzetu wa sosholojia, mwaka wa tatu, alikuwa na mahojiano 26 aliyofanya na mama lishe wa Mbagala kwa ajili ya utafiti wake. Simu aliyorekodia ilikwapuliwa kwenye daladala. Nakala pekee iliyobaki ilikuwa ndani ya hiyo mashine inayotiktika, na msimamizi wake alikuwa anataka sura ya nne ndani ya wiki mbili.

Mimi nasoma ualimu, masomo ya jiografia na hisabati. Sikuwahi kufundishwa kompyuta zaidi ya kuandika na kuprinti. Ila neno "imekwisha" lilinikera. Kitu gani hasa kimekwisha? Tukafungua ile sehemu ya Windows inayoonyesha kila kifaa kinafanya kazi kiasi gani. Prosesa ilikuwa haifiki hata asilimia kumi, RAM ina nafasi, lakini diski imesimama kwenye asilimia 100 bila kushuka. Tukaweka programu ya bure ya CrystalDiskInfo, inayosoma kumbukumbu za afya ambazo diski hujiwekea yenyewe. Ikatoa rangi ya njano: kuna vipande vya diski vilivyoharibika na vimeshahamishwa. Basi jibu likapatikana. Mgonjwa ni kiungo kimoja tu, mwili mwingine mzima.

Hapa hisabati ya sekondari inatosha. Ndani ya diski ya zamani kuna sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Kichwa cha kusomea kikitaka faili, kwanza kisogee mpaka kwenye mstari wake, halafu kisubiri sahani ifike. Kusubiri nusu mzunguko peke yake ni kama milisekunde 4. Unaweza kusema ni kidogo. Lakini kompyuta ikiwaka inasoma vifaili vidogo kwa maelfu, na kila kimoja kina foleni yake. SSD haina sahani wala kichwa, ni chipu tupu, na jibu lake linakuja chini ya milisekunde moja. Ndiyo maana mashine kuukuu ikipewa SSD inaonekana kama imezaliwa upya, wakati prosesa ni ile ile. Ilikuwa inangoja tu kuhudumiwa.

Tukachanga elfu kumi na tano kila mmoja, jumla elfu sitini, tukapata SSD ya GB 240. Dukani walitaka kutuuzia ile nyembamba kama biskuti, ya NVMe, kwa sababu "ndiyo ya kisasa." Ni kweli ina kasi zaidi, lakini ubao wa mashine yetu hauna tundu lake. Mashine za umri huo zinatumia SATA, kwa hiyo tulichukua SSD ya SATA ya inchi 2.5. Kabla hujatoa hela yako, jua tundu ulilonalo.

Wengi wangekimbilia kufungua kava. Sisi tuliokoa kwanza. Diski inayokufa haipewi kazi nyingi. Kila dakika inayowaka inaweza kuwa ya mwisho. Tulimwazima CR wetu diski ya nje, tukaanza na folda ya mahojiano peke yake. Muziki na sinema vikae foleni. Wala hatukutaka kuihamisha diski yote kama ilivyo, maana kunakili diski iliyooza ni kuisumbua mwanzo hadi mwisho. Usiku kucha mstari wa kijani ulisogea kwa kusitasita. Mwenye utafiti hakulala. Alikaa kwenye kiti akiuangalia kama mtu anayemsubiri daktari atoke wodini. Alfajiri, mahojiano 24 yalifunguka. Mawili yalikatika katikati.

Kazi ya bisibisi yenyewe haikumaliza nusu saa. Chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kutoa chaji iliyobaki, gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa ubao. Diski ya zamani ni ya inchi 3.5, hivyo SSD inahitaji kibebeo ili ikae imara. Waya ni mbili, ya data na ya umeme, na zote zina umbo la L, haziingii kinyume. Kwenye ubao wetu si milango yote ya SATA inalingana: mingine ni ya gigabiti 6 kwa sekunde, mingine ya 3. SSD ipe ya 6. Kisha F2 kuingia kwenye BIOS, uhakikishe mashine imeiona, na F12 kuchagua flashi yenye mfumo mpya.

Tuliweka Linux Mint. Windows 10 iliacha kupata huduma za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya kizazi cha tatu haimo kwenye orodha ya Windows 11. SSD haiwezi kuponya hilo, tusidanganyane. Lakini sasa mashine inawaka kabla hujamaliza kufunga mlango.

Mwenzetu alirudi Mbagala kutafuta wale wawili. Mmoja alimpata, naye akamwuliza, "Kwani mwanangu, yale maneno ya mwanzo umeyapeleka wapi?" Wa pili alishahama, hakuna ajuaye alikokwenda. Ripoti ikaenda na watu 25. Kila nikiiona ile namba kwenye jedwali lake, najua kuna mama mmoja aliyesimulia maisha yake yote na hayapo tena popote.

Kwa hiyo nina ombi kwa viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi. Katika vyumba vingi vya hosteli kuna kasha chini ya kitanda lililoandikiwa hukumu ya "imekufa." Tutengeni Jumamosi moja kila muhula: meza, bisibisi, diski ya nje ya kuazima na mtu mmoja anayejua. Zile zilizochoka diski zitarudi kazini kwa bei ya vitabu viwili. Na wewe unayeandika utafiti leo, usisubiri hiyo Jumamosi. Weka nakala ya pili usiku huu, kabla hujasikia tik.