Nauli Maradufu

Mwenye lori moja mjini Gisenyi hudhaniwa kuwa tajiri. Ukweli waujua mkewe na daftari lake.

Usiku wa Mei 22, 2021, mlima Nyiragongo ulilipuka, na maelfu ya wakazi wa Goma wakavuka mpaka kukimbilia Gisenyi. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka, nyumba zikapasuka. Ndipo mwenye lori mmoja alipofikiwa na mfanyabiashara: apeleke saruji Goma kwa nauli maradufu. Nao mzigo wa viazi mviringo wa Kigali ulikuwa ukimngoja, kwa nauli ya kawaida.

“Mara mbili, Mama watoto!” alisema.

Mkewe akafungua daftari. “Haya, Baba watoto. Goma ni karibu, lakini utangoja mpakani siku ngapi? Utarudi na mzigo gani? Na lori likiharibika huko, deni atalipa nani?”

Mume hakuwa na jibu. Safari ya Kigali aliijua: mafuta ya kupandia milima, breki za kushukia, na mzigo wa kurudi nao. Akapakia viazi.

Mei 27 wakuu wa Goma waliamuru wakazi wa sehemu kubwa ya mji wahame. Barabara zikafurika watu. Mfanyabiashara yule hakumpa kazi tena, na hasara hiyo nayo iliandikwa daftarini. Lakini deni la lori mwezi ule lililipwa.

Wahenga hawakukosea: mali bila daftari hupotea bila habari.