Ayub Ogada, Fanani wa Tanzu Nyingi
Ayub Ogada alifariki dunia tarehe 1 Februari 2019 huko Nyahera, Kisumu. Alizaliwa Mombasa mwaka 1956 kwa jina la Job Seda. Mwaka 1979 alishiriki kuunda bendi ya African Heritage jijini Nairobi. Aidha, aliigiza katika filamu ya Out of Africa ya mwaka 1985. Baadaye alihamia London, akawa akipiga nyatiti katika vituo vya treni za chini ya ardhi ili apate riziki. Albamu yake, En Mana Kuoyo, ilitoka mwaka 1993.

Kwetu Ndalu, nyatiti ina ndugu yake: litungu ya Wabukusu. Nilikua nikimsikia babu akiipiga matangani, akiimba, akisimulia, akiigiza hata sauti ya marehemu. Chuoni nilifundishwa kuyatenga hayo: hadithi huku, ushairi kule, maigizo pembeni. Maisha ya Ogada yananikumbusha kwamba kwa fanani mwenyewe hayo yote ni kazi moja.

Hata hivyo, sauti ya Ogada imehifadhiwa. Ya babu haikurekodiwa. Alipozikwa, tulibaki na maneno machache ya nyimbo zake, bila mlio wa nyuzi. Sisi watafiti wa fasihi simulizi tunapaswa kuwaendea mafanani wangali hai, tuhifadhi neno, sauti na mkono unaopiga kwa pamoja. Neno peke yake ni nusu ya utungo.